Kikapu cha Kupelekea Habari

Watu wakiniuliza kazi ya uhusiano nilijifunzia wapi, huwa nawatajia chuo, maana ndicho kilichoandikwa kwenye cheti. Ukweli ni kwamba niliianza nikiwa mtoto wa shule ya msingi, wakati wa likizo, nikimfuata shangazi yangu kwenye njia za vijijini Muleba, kikapu kichwani.

Shangazi alikuwa dada mdogo wa baba. Sisi tuliishi Kagondo, pale Bukoba, naye alikuwa ameolewa Ngenge, bondeni kwenye mpunga. Kijijini kwao ndiye aliyekuwa akitumwa mtu anapofariki. Cheo hicho hakupewa na mtu. Simu za mkononi zilikuwa hazijafika, na msiba ulipotokea wakubwa walikaa pembeni, wakataja ndugu walioko mbali, kisha mmoja wao akasema, "Aitwe yule." Hakuna aliyeuliza yule ni nani. Shangazi alikuja akifuta mikono kwenye kanga, akasikiliza, halafu akaenda kutafuta kikapu chake.

Ndani ya kikapu alitia chochote kilichokuwepo: mchele kidogo, maharage, viazi vitamu. Juu alifunika kwa jani la mgomba, akanitwika mimi, kwa sababu mtu anayetembea na mtoto na chakula hamshtui yeyote. Tukikutana na watu njiani wakamwuliza aendako, alisema anapeleka maharage kwa jamaa. Haukuwa uongo, maharage yalikuwemo. Nyuma yetu hakuna aliyeanza kunong'ona.

Tukifika, alisalimia kwa utaratibu wote, akapiga magoti kwa wakubwa, akapokea buni za kutafuna kama mgeni mwingine yeyote. Aliuliza habari za mvua. Aliuliza kama wamekula, na kama hawajala alifungua kikapu, akaingia jikoni mwenyewe, akapika, akangoja wale. Kisha alitafuta mtu wa kukaa karibu na mwenye habari, yule aliyefiwa, bega kwa bega. Hapo ndipo aliposema. Alisema kwa maneno machache yaliyonyooka, akamtaja marehemu kwa jina, akanyamaza. Hakuondoka mpaka kilio kilipotulia na kupata watu wa kukishika.

Siku moja nilikuwa nimechoka na miguu inaniuma, nikamwuliza kwa nini asiseme tu mlangoni turudi nyumbani mapema. Hakukasirika. Alisema, "Habari ina mwenyewe. Jirani akiijua kabla ya mwenyewe, umemwibia. Na ukimwambia ana njaa, umemwonea."

Nilikuja kuyaelewa maneno hayo nikiwa kidato cha pili, bwenini mjini Bukoba. Mama alikuwa amepelekwa hospitali Mwanza, nami niliambiwa ni vipimo tu. Mchana mmoja niliitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Shangazi alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbini, amejitanda vizuri, na kikapu kipo miguuni pake. Nilikiona kikapu kabla ya kumwona yeye usoni.

Aliniombea ruhusa, tukatembea hadi mgahawa mmoja karibu na soko. Mwenye mgahawa alikuwa mama wa Kiislamu ambaye wazee wake walikuja zamani kutoka pwani, na chapati zake sisi wanafunzi tulikuwa tunaziota darasani. Shangazi akaniagizia chai ya maziwa na chapati. Nilikula polepole kuliko nilivyowahi kula maishani. Nilichana chapati vipande vidogo vidogo, nikatafuna kila kipande mpaka kikapoteza ladha. Nilijua hatasema kitu kabla sijamaliza, na kwamba kwa muda wote ninaotafuna, mama yangu bado yupo. Shangazi hakuniharakisha. Alitazama barabarani, akaomba niongezewe chai. Mwenye mgahawa hakuwa ameambiwa lolote, lakini nilipofikia kipande cha mwisho alikuja akakaa upande wangu wa pili. Ndipo Shangazi akaniambia.

Baba alikuwa ameshaambiwa asubuhi ileile, kwenye benchi la nyumbani kwetu Kagondo, na yeye huyohuyo Shangazi. Mpaka leo sijui alipata wapi nguvu ya kuibeba habari moja mara mbili kwa siku moja.

Dar es Salaam nilikaa miaka mingi, nikawa afisa uhusiano, kwanza kwenye kampuni ya vinywaji, baadaye kwenye kampuni ya simu. Nisiseme uongo, niliipenda ile kazi. Nilipenda kuamka mapema na kusikia sentensi yangu ikisomwa redioni na mtu asiyejua kama mimi nipo. Nilipenda mikutano na waandishi wa habari, vipaza sauti vimerundikwa mezani, bosi ananitazama kwa pembe ya jicho kabla ya kujibu swali. Hata leo nikisikia mlio wa kamera nyingi kwa pamoja moyo hunichangamka. Kanuni kuu ilikuwa kuwahi: habari utoe wewe, uitoe leo, kila mtu aipate kwa mpigo mmoja, mwenyewe na jirani na mpita njia. Shangazi nilimweleza kazi yangu siku moja nikiwa likizo. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Na hao watu wote, mnajua kama wamekula?" Nilicheka sana. Yeye hakucheka.

Kampuni ilipoanza kupunguza watu, nami nikapunguzwa. Habari hiyo niliipata kwa dereva, kwenye maegesho, akinipa pole kwa dhati kabisa, kabla bosi hajaniita. Ndiyo siku niliyomkumbuka Shangazi na mchele wake kuliko siku nyingine yoyote. Nilikuwa sijanywa hata chai.

Nikarudi nyumbani. Baba alikuwa peke yake Kagondo, magoti yameanza kumgomea, na kibanja, shamba lake la migomba, kilihitaji mtu wa kugombana na vibarua. Ugomvi huo niliuweza vizuri. Miezi ilipopita nikasikia kwamba shirika dogo la pale Rwamishenye linatafuta mtu wa mawasiliano. Ofisi zao zilikuwa nyuma ya duka la vitambaa, na mwenye nyumba alikuwa mzee wa moja ya familia chache za Kihindi zilizobaki mjini, ambaye kila mwezi alitukumbusha kodi kwa kutuletea kashata. Mkurugenzi alikuwa muuguzi mstaafu, mama mwenye sauti ya upole na kichwa kigumu. Alinieleza kwamba kazi yao inaitwa tiba shufaa. Mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauponi tena wanamfuata nyumbani, wanamwondolea maumivu, wanamsafisha vidonda, wanakaa na watu wake, ili siku zilizobaki aziishi kama mtu.

"Tatizo letu," aliniambia, "watu wanatukimbia."

Nilipoliona gari nikaelewa. Lilikuwa zuri, jeupe, la wafadhili, na ubavuni lilikuwa na maandishi makubwa ya zambarau: TUKO NAWE HADI MWISHO. Huko yalikotungwa nadhani yalisomeka kama faraja. Kwetu yalisomeka kama tangazo la msiba. Lilipoingia uani kwa mtu, kijiji kizima kilimaliza hesabu zake kabla muuguzi hajashuka.

Siku za mwanzo nilifuatana na timu kwenda kwa mzee mmoja karibu na Muleba mjini, fundi baiskeli wa zamani. Muuguzi alikuwa bado anamfunga kidonda nilipoona wanawake wanaingia uani na mikungu ya ndizi, wanaume na kuni, na mwingine na turubai begani anauliza lifungwe upande gani. Walikuwa wameliona gari, wakaja kuomboleza kama majirani wema wanavyopaswa. Mzee akajikokota hadi mlangoni, akasimama akawauliza ni nani aliyefariki. Hawakujua wafanye nini na zile kuni. Mwenye turubai alisema amepita tu kuangalia kama paa linavuja. Tulicheka njia nzima hadi Muhutwe, dereva akipiga usukani kwa kiganja. Wiki iliyofuata yule mzee alituma ujumbe kwamba tusije tena kwake, akabaki na maumivu yake, na kicheko kikatuishia.

Nikamwambia mkurugenzi tuyafute yale maandishi. Akasema wafadhili wanataka kuliona gari kwenye picha, na maandishi yasomeke. Nikawaandikia, wakanijibu kwa adabu kwamba watalijadili.

Walikuwa bado wanalijadili Shangazi alipoumwa. Ilikuwa saratani, na hospitali ya Mwanza walimrudisha nyumbani na maelezo mafupi. Nilipofika Ngenge nilimkuta amelala kwa ubavu, ameuma pembe ya kanga ili wajukuu wasimsikie akigumia. Nilitoka nje nikalia nyuma ya nyumba, kisha nikarudi ndani nikamwambia tunayo dawa. Ni ya maji, ya kunywa, na maumivu ya namna ile inayaweza.

"Inakuja na lile gari?" akauliza. Sifa zake zilikuwa zimefika hadi kwao.

"Ndiyo, Shangazi."

"Basi isije." Alipumzika kidogo, akaendelea. "Nimepeleka habari za watu maisha yangu yote. Ya kwangu haitapelekwa na gari. Nitaipeleka mwenyewe."

Binti yake alimsihi, nami nikamsihi, lakini ni kama tulikuwa tunausihi ukuta. Aliona afadhali maumivu kuliko majirani kufunga turubai yeye akiwa bado anasikia. Nilirudi Bukoba nimemkasirikia, nikawakasirikia wafadhili, nikaikasirikia hata rangi ya zambarau. Nyumbani baba akaniuliza mdogo wake anaendeleaje na hilo tumbo lake, kwani ndivyo alivyoambiwa, kwamba ni tumbo. Nikasema anakusalimia. Nilichukia kusema hivyo.

Asubuhi yake nilikuwa jikoni natafuta chombo cha kutilia ndizi, mkono ukaangukia kikapu. Nilikaa nacho pale sakafuni muda mrefu kidogo.

Muuguzi wetu alikuwa dada kutoka Tanga, mtu wa vitendo. Nilipomweleza aliuliza swali moja tu, kama kikapu kitasimama wima ili chupa isilale. Tukapanda basi la kawaida hadi Muleba, kisha bodaboda hadi Ngenge, yeye amejifunga kitenge na mimi nimebeba ndizi za baba. Ndizi zetu huko chini zinapendwa, hakuna aliyeshangaa. Waliotuuliza tuliwaambia tunampelekea shangazi ndizi za kwao, na ndizi zilikuwemo. Chini yake ilikuwamo dawa.

Alipoona kikapu Shangazi alikitazama kitambo, akanitazama na mimi. "Umechelewa kujifunza," akasema. Kisha akafungua mdomo muuguzi ampe dawa.

Yale yaliyofuata ndiyo ninayoyakumbuka kwa furaha kuliko yote niliyofanya katika kazi hii. Maumivu yalipotulia, Shangazi alianza kuwaita watu wake. Alimwita mmoja mmoja, si kwa kundi. Aliamka, akaoga, akavaa, akakaa kwenye kiti. Alimpa mgeni buni za kutafuna, akamwuliza mpunga wake umefikia wapi, akahakikisha amekula. Kisha akamwambia kwa kinywa chake kwamba anaumwa ugonjwa usiopona na kwamba hatayaona mavuno yajayo. Watu walitoka pale wanalia lakini hakuna aliyetoka amedanganywa. Wengine walirudi kesho yake kumcheka na kuchekwa naye, maana kisirani chake hakikuugua.

Kwa baba alikwenda mwenyewe. Tulimkodia gari la mtu wa kijijini, muuguzi akampa dawa ya kutosha safari, akafika Kagondo amekaa wima. Aliingia uani na kikapu mkononi mwake, akikataa nisimpokee. Alimpikia kaka yake, au tuseme alikaa kwenye kigoda akinielekeza nipike huku akinikosoa chumvi. Baada ya chakula wakakaa wawili kwenye lile benchi la nje. Mimi niliosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa. Sauti zao sikuzisikia, ila niliona baba amemshika mkono kama wanavyoshikana watoto wakivuka barabara. Walikaa hivyo mpaka jua likahamia upande wa pili wa nyumba.

Wakati wa kurudi, ndani ya gari, aliniambia, "Hiyo ya ugonjwa nimeipeleka. Ile nyingine sitaweza kuipeleka mwenyewe, utaipeleka wewe. Kaka yangu asije akaisikia kwenye simu."

Siku hizi ukoo wetu una kundi la simu, na humo mtu akikohoa Ngenge wanampa pole kutoka Arusha. Nilimwambia itakuwa vigumu. Akasema hakuniuliza kama itakuwa rahisi.

Wafadhili nao wakakubali, hatimaye. Niliwaandikia tena, safari hii nikawasimulia habari ya fundi baiskeli na wale majirani na kuni zao, wakajibu upesi kuliko kawaida. Tuliyakwangua maandishi pale nje ya duka la vitambaa, mimi na dereva, mzee mwenye nyumba akitusimamia kwa ushauri mwingi. Maisha yangu yote nililipwa ili vitu vionekane. Gari lilipobaki jeupe tupu nilijisikia fahari ambayo sikuwahi kuipata mbele ya vipaza sauti. Fundi baiskeli alitukubali tena.

Shangazi alifariki asubuhi, jua limeshatoka, mimi na binti yake tumemshika huku na huku. Hakuwa na maumivu. Hilo nalisema kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu ndilo nililoliogopa kuliko kufa kwenyewe.

Binti yake aliinuka, akatoka na kikapu kutoka chumba cha ndani. Kilikuwa kimeshajazwa mchele. Aliniambia mama yake aliuchambua mwenyewe, akikaa kitandani, siku chache kabla, akasema ni wa kwenda Kagondo. Jani la kufunikia ndilo tu lililokuwa halijakatwa.

"Nenda," akasema. "Sisi tutanyamaza mpaka utupigie."

Kwa asiye wa kwetu sijui nielezeje ukubwa wa jambo hilo. Mtu akifa, kilio ndicho kinachotoka kwanza, na kilio kikisikika majirani wanajaa uani, na majirani wakijaa simu zinaanza. Wale wanawake walikaa ndani na marehemu wao, mlango umerudishwa kama siku yoyote, kanga zimeshikwa mdomoni, ili mzee mmoja huko Bukoba aambiwe vizuri. Mimi nilipanda gari jeupe lisilosema kitu. Dereva hakufungua redio. Nilikuwa nimekipakata kikapu, na kila simu yangu ilipotikisika mfukoni niliitoa haraka, lakini yalikuwa ni mambo ya ofisi tu.

Baba alikuwa kwenye benchi, fimbo imeegemezwa ukutani. Nilimsalimia kwa magoti. Aliitikia, akanipa buni, nikatafuna. Aliniuliza habari za barabara nikamwambia ni nzuri. Alikitazama kikapu.

"Umekula, Tata?" nikamwuliza.

"Bado," akasema.

Nikaingia jikoni nikapika ule mchele. Hapakuwa na hata jiwe moja la kuchambua. Niliupika na maharage ya jana, nikamtengea palepale nje, nikamnawisha. Kisha nikamwita jirani yetu, mjane wa ng'ambo ya kibanja, akaja akakaa mwisho wa benchi bila kuuliza kitu.

Baba alikula polepole. Alichukua tonge dogo, akalitafuna muda mrefu, akatazama migomba, akachukua jingine. Nilijua anachofanya. Nilikuwa nimekifanya mimi, kwenye mgahawa karibu na soko. Huko Ngenge walikuwa wamezuia kilio tangu asubuhi, na kila tonge la baba lilikuwa linawakalia kifuani, lakini sikumharakisha. Nilimwongezea maharage.

Alimaliza sahani yote. Alinawa, akajifuta mikono taratibu, kidole kwa kidole, halafu akasogea kidogo ili nipate nafasi.

"Haya," akasema. "Kaa hapo. Ndipo alipokaa yeye siku ya mama yako."

Nikakaa, bega langu kwenye bega lake, nikamwambia. Nilimtaja dada yake kwa jina. Nilisema hakuumia. Baba alitikisa kichwa, akaweka mkono wake juu ya mpini wa kikapu. Jirani alikuwa ameshaanza kujifuta macho.

"Wale kule wananingoja mimi?" akaniuliza.

"Ndiyo, Tata."

"Wapigie. Waambie walie."

Nikapiga simu. Binti wa Shangazi alipokea kabla haijaita vizuri, nikamwambia baba ameshakula. Kisha nikaiweka simu kwenye benchi, kati yangu na baba, tukawasikia wakianza.